Matanga yakishaanuliwa nani anabaki na mfiwa?

Tangu ile ripoti ya Shirika la Afya Duniani kuhusu upweke itoke, tarehe 30 Juni 2025, huku Moshi nimekuwa nikisikia inajadiliwa kwa namna moja tu, kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Ripoti inasema mtu mmoja kati ya sita duniani anaishi na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka, karibu watu 100 kila saa. Mtu akifika hapo anapata picha ya bibi wa Ulaya anakaa kwenye fleti na paka wake, alafu anasema sisi huku hatuna hiyo shida, huku hata ukitaka dakika kumi za kukaa mwenyewe huzipati, mara jirani kaja kuomba moto, mara mtoto wa fulani katumwa chumvi, mara leo jumuiya iko kwako. Naelewa kwanini watu wanasema hivyo na wala sio watu wajinga. Lakini wanakosea, na kosa lenyewe linawagharimu watu wa kijijini kuliko sisi wa mjini. Ninachosema mimi ni hiki: vijiji vyetu vinajua sana kubeba mzigo unaoonekana, msiba, harusi, mgonjwa wa kulazwa, nyumba iliyoungua, ila mzigo usioonekana havina pa kuupokelea, na kwa vile tunachanganya hayo mawili tunaamini tuna kinga ambayo hatuna.

Ndani ya ripoti ileile kuna sehemu ambayo naona wengi hawajaifikia. Kwenye nchi za kipato cha chini watu waliosema wana upweke ni karibu 24 kwa kila 100, kwenye nchi tajiri ni karibu 11. Yaani mara mbili. Yule bibi wa fleti yupo kweli, ila kwa uwiano wenzake wako wengi zaidi kwenye nchi maskini kuliko kule kwao. Sasa Tanzania tangu 2020 tumehesabiwa kipato cha kati cha chini kwahiyo hiyo 24 siwezi kuibandika kwetu moja kwa moja, na mtu ana haki ya kuhoji pia swali lenyewe linaulizwaje, maana neno likihamishwa lugha linabadilika, mtu wa Rombo na mtu wa London wakiulizwa kama ni wapweke huenda kila mmoja anasikia kitu chake. Sawa. Lakini ili hoja hiyo ifute tofauti kubwa namna hii ingebidi makosa yote yaegemee upande mmoja, na mimi sioni kwanini iwe hivyo, hasa ukikumbuka kwamba huku kwetu mtu mzima kusema mbele ya mgeni mwenye karatasi kwamba nina upweke ni aibu, kwahiyo kama kuna waliodanganya mimi nategemea walipunguza, hawakuongeza.

Tunapoteleza ni pale tunapodhani mpweke ni mtu aliye peke yake. Mfugaji anashinda porini peke yake na ng'ombe kuanzia alfajiri, jioni anarudi boma na roho yake nyeupe kabisa, huyo sio mpweke. Na mama mwenye watoto sita, mkwe, wajukuu, na jirani ambaye migomba yao inagusana, anaweza kuwa na jambo limemkaa kifuani miaka minne na hajui aanzie kwa nani. Kinachopima upweke ni ule umbali kati ya uhusiano ulionao na uhusiano unaouhitaji, idadi ya watu waliokuzunguka haikuambii kitu kuhusu umbali huo, na mara nyingine inaufanya uumize zaidi.

Alafu tuangalie kama huo wingi wa watu tunaojivunia bado upo. Mlimani kwetu Kilimanjaro maisha yalijengwa juu ya kihamba, shamba la ukoo lenye migomba, kahawa, ng'ombe wa zizini na makaburi ya wazee, na kahawa ndo ilikuwa inalipa ada, KNCU, chama chetu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ipo tangu 1933 na kuna kizazi kizima kilichosoma kwa hela ya kahawa. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa unashikilia bei ya kahawa ulivunjika, bei ikaanguka, na kihamba chenyewe kilikuwa kimeshagawanywa kwa watoto mpaka kimekuwa kipande, kwahiyo vijana wakaondoka. Namba za sensa zinaonyesha hilo bila hata kuongeza neno. Kati ya 2012 na 2022 watu wa Tanzania waliongezeka kwa karibu asilimia 37, mkoa wa Arusha karibu asilimia 39, Kilimanjaro ni kutoka 1,640,087 mpaka 1,861,934, ambayo haifiki asilimia 14. Hao wengine wako Dar, wako Arusha, wako Mwanza, wako nje. Unapanda Marangu, Mamba, Kibosho, unakuta nyumba kubwa za vigae zimefungwa miezi kumi na moja, ndani ya geti kuna kijana mlinzi, na nyuma kwenye jiko la zamani kuna mama mzee anakoka moto wa mtu mmoja. Desemba wote wanarudi, barabara ya Same mpaka Himo inajaa, mbuzi wanachinjwa, mtori, kisusio, mbege, na ukifika ndani ya wiki ile utaapa kwamba hakuna watu wameungana duniani kama sisi. Wanaofanya tathmini ya kijiji Desemba wanaona kitu ambacho Machi hakipo.

Kwenye nyanda za chini ni hivyohivyo kwa sura nyingine. Longido, Monduli, Simanjiro, huko umbali ni umbali kweli, boma na boma unatembea, na zahanati unaweza kuanza safari asubuhi ufike jua limeshakuwa kali. Wamasai wana kitu kinaitwa osotua, neno ambalo asili yake ni kamba ya kitovu, ni uhusiano wa watu wawili ambao mmoja akipungukiwa kweli anamwomba mwenzake na mwenzake anatoa, bila kuhesabiana kama deni. Ni mfumo mzuri kuliko bima nyingi ninazozijua. Ukame wa 2009 ulipofagia mifugo, serikali nayo ilikuja ikagawa ng'ombe wa kuanzia kwa waliobaki mikono mitupu, na ilikuwa sawa kabisa. Ila mwanaume aliyeamka akakuta mifugo aliyoachiwa na baba yake imelala chini yote amepoteza vitu viwili, ng'ombe na nafasi yake mbele ya wenzake, na hicho cha pili hakuna aliyekuja kukihesabu. Osotua inakupa njia ya heshima ya kuomba ndama. Kuomba mtu akusikilize haina njia kama hiyo, kwahiyo wengi waliingia mjini wakawa walinzi wa usiku, na nyumbani wakaacha mwanamke na watoto ambao nao wana lao.

Nitoe mfano mmoja wa kwangu. Shangazi yangu wa Uru alifiwa na mumewe, na kile kijiji kilifanya kila kitu ambacho kijiji kinapaswa kufanya. Ndani ya masaa mawili turubai limefungwa, kikundi cha kufa na kuzikana kimefika na masufuria na daftari, wanawake wamegawana zamu za jikoni, vijana wanachimba kaburi, jumuiya inasali kila jioni. Hakuna shilingi yake iliyotoka. Siku matanga yalipoanuliwa turubai likakunjwa, viti vikahesabiwa, masufuria yakarudi kwa mwenyekiti, na mimi nikarudi mjini na kifodi cha mwisho kama wengine. Miezi minne baadaye nilipoenda kumwona alikuwa amekonda, haendi jumuiya, kuku ameuza wote, na aliniambia kwamba siku zile za msiba watu walikuwa wengi mno hakupata nafasi ya kulia, na alipopata nafasi watu walikuwa wameshaondoka. Kila siku watu walikuwa wanapita barabarani wanamwamkia shikamoo mama, anaitikia marahaba, wanapita. Hakuna aliyemkosea hata mmoja. Kijiji kilikuwa kimemaliza kazi yake kadri kinavyoielewa.

Ndo maana sikubaliani na wenzangu wanaosema dawa ni kurudi kwenye mila basi. Mila zetu zina hekima kubwa, ila ukiziangalia vizuri unakuta zilitengenezwa kwa ajili ya mambo yenye tukio. Sisi Wachaga tuna isale. Ukiwa umemkosea mtu mpaka mdomo hauwezi kusema, unapeleka jani la isale, na yule aliyepelekewa hapaswi kukataa, lazima msamaha utoke. Hebu fikiria ukubwa wa hicho kitu, wazee walijua kuna maneno ambayo mtu hawezi kuyatamka wakamtafutia jani limsemee. Kwa ugomvi tunalo jani. Kwa mtu ambaye hana ugomvi na yeyote, hajafiwa juzi, haumwi malaria, ila asubuhi anaamka hana nguvu ya kufungua mlango, hatuna jani. Tuna maneno: jikaze, mwachie Mungu, usiwaze sana, mbona fulani ana shida kuliko wewe. Yote yanasemwa kwa upendo, na yote yanamfunga mtu mdomo.

Kuna wanaosema simu zimeshatatua, kila ukoo una grupu la wasap, mtoto yupo Dar lakini asubuhi anasalimia, mama akiumwa hela inaingia kabla hajafika hospitali. Hii hoja ina ukweli na sitaki kuidharau, kuna wazee wanaishi kwa sababu ya hiyo hela. Lakini angalia grupu la ukoo linaandika nini: michango, ratiba ya harusi, taarifa ya msiba, sala ya asubuhi iliyotumwa kutoka kwingine, picha za Desemba. Ni turubai lilelile, limehamia kwenye simu. Na hela ina kitu kimoja kibaya, ukishatuma unajisikia umefika. Mimi mwenyewe nilikuwa namtumia shangazi kila mwezi, miezi yote minne ile, na kila nikituma moyo wangu ulikuwa unatulia.

Wengine, hasa wasomi wetu, wanasema ishu ni wataalamu, tuongeze madaktari wa magonjwa ya akili na wanasaikolojia, mengine yote ni kubembelezana. Kwa mtu aliyeugua kweli wako sahihi na lazima apelekwe, sonona kali sio kitu cha kutibiwa kwa kuongea chini ya mti. Lakini hesabu ya safari inakataa. Hospitali ya taifa ya afya ya akili ni Mirembe, iko Dodoma, kutoka Arusha ni zaidi ya kilomita 400, na hata mtu wa Longido akiambiwa aende tu hospitali ya Mount Meru pale Arusha mjini kuna nauli, kuna siku mbili za kuacha mifugo, na kuna swali la jirani, umeenda kutibiwa nini. Mtu mwenye uzito wa mawazo wa kawaida, ambaye hajafika kwenye ugonjwa mkubwa, hiyo safari hataifanya, atasubiri mpaka iwe kubwa. Na huyo ndo yuko kila kitongoji.

Hoja ninayoiogopa kweli kwenye msimamo wangu haitoki kwa hao wote, inatoka kwa watu wa kijijini wenyewe. Wanasema wewe unatuambia tuongee, unajua umbea wa huku? Nikimwambia mjumbe, kesho mke wake anajua, keshokutwa niko kwenye maombi ya jumuiya natajwa kwa jina, na binti yangu akitaka kuolewa ukoo wa upande wa pili utauliza kama kwenu kuna kichaa. Mjini mtu anaficha kwa sababu hakuna anayemjua, kijijini anaficha kwa sababu anajulikana na wote. Hiyo ni kweli na kila anayesema tuimarishe jamii bila kujibu hilo anaongea hewa. Ukaribu wa kijiji ndo huohuo unaosababisha kimya.

Jibu la karibu zaidi ninalolijua liko Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda, akiwa hana wauguzi wala ofisi za kutumia, alianza na bibi 14 wa Mbare, Harare, wahudumu wa afya wa kawaida wa mtaani, akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu achambue tatizo moja baada ya jingine mpaka apate hatua ya kufanya, wakiwa wamekaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Hawakuanza na jina la ugonjwa la kigeni, walianza na neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, ambalo ni ndugu kabisa wa lile letu la kusema nina mawazo. Mwaka 2016 matokeo ya majaribio yao yalichapishwa, watu 573, na baada ya miezi sita, kati ya waliokaa na wale bibi, waliokuwa bado na dalili za sonona walikuwa karibu asilimia 14, wakati kati ya waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu asilimia 50. Mtu atasema Mbare ni mjini, kijijini ni tofauti, na kweli ni tofauti. Lakini angalia walivyocheza na hilo suala la umbea: benchi liko kwenye eneo la zahanati kwahiyo kuonekana pale sio habari, bibi ni mwenyeji lakini sio wa ukoo wako, amefundishwa, anasimamiwa, na kutunza siri ni sehemu ya kazi yake. Alafu baadaye wale waliopita kwenye benchi wanakutana kwa kikundi wanafuma mikoba huku wanaongea, kwahiyo mtu hatoki mikononi mwa bibi akaangukia palepale alipotoka.

Wanaume nitawataja kwa kifupi kwa sababu wanajijua. Huku mlimani mwanaume anaruhusiwa kulia akiwa amelewa tu. Kwenye kilabu cha mbege kuna maongezi ya kweli sana yanatokea kuanzia saa kumi na moja jioni, nimeyasikia, na asubuhi yake kila mtu anajifanya hakuyasikia. Tunapiga kelele kuhusu pombe kila mwaka na bado hatujauliza mtu akiacha kwenda kilabuni ataongelea wapi.

Na kuna sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Madhara yake kijijini hayaonekani mahakamani sana, yanaonekana nyumbani, familia inaambiwa na wazee wake kwamba tuseme ilikuwa ajali, mgonjwa anachelewa kupelekwa, na akipelekwa muuguzi hapewi ukweli, na baada ya hapo hilo jambo halitajwi tena mpaka linarudi. Ng'ambo ya mpaka wa Namanga, kwa Wamasai walewale wenye koo zilezile, Mahakama Kuu ya Kenya tarehe 9 Januari 2025 ilisema kifungu kama hicho kinapingana na katiba yao. Wanaotetea kifungu wanasema kikiondolewa watu watahamasika. Hii naiona ndo hoja dhaifu kuliko zote nilizowahi kusikia kwenye jambo hili, maana mtu aliyefika mahali pa kuona kesho haina kitu haogopi kesi ya kesho. Anayeogopa kesi ni mama yake, mke wake, jirani aliyemkuta, yaani watu walewale tunaotegemea wapige kelele ya kuomba msaada.

Ukikubali kwamba upungufu wetu uko kwenye mzigo usioonekana, basi mambo ya kufanya yanabadilika na mengi sio ya hela nyingi. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 nchi nzima ndani ya miaka mitano, watu wanaotoka kwenye vijiji vyenyewe. Hao tayari wanaingia nyumba kwa nyumba kuuliza chanjo, choo, vyandarua na ujauzito. Naomba kazi ya kusikiliza iingie kwenye majukumu yao kwa uzito uleule, wafundishwe namna ya kuuliza, namna ya kunyamaza, namna ya kujua huyu wa kupelekwa hospitali leo hii, na siri iwe sharti ambalo mtu akilivunja anaondolewa. Na wachaguliwe na wazee pia, sio vijana tu wenye vyeti, kwa sababu mjane wa miaka sabini hatamfungulia moyo binti wa miaka ishirini na mbili hata awe na mafunzo gani, ila kwa mwanamke mwenzake wa rika lake aliyefiwa pia atakaa.

Lakini sitaki tusubiri serikali, maana tunacho chombo chetu na kinafanya kazi vizuri kuliko ofisi nyingi. Kila kitongoji mlimani kina kikundi cha kufa na kuzikana, kina katiba, kina mwenyekiti, kina faini kwa asiyekuja. Kikundi kikiweza kumpiga mtu faini kwa kukosa kuchota maji ya msiba, kinaweza pia kupanga watu wawili wa kurudi kwa mfiwa siku ya kumi, siku ya arobaini, na mwezi wa nne, bila chakula, bila sala ndefu, wakae tu kwake mpaka chai iishe. Kikundi cha Uru nilikipelekea hilo wazo mwezi wa saba. Mwenyekiti alinionyesha daftari, lina safu ya jina, ya kiasi, ya tarehe na ya sahihi, akaniuliza hao wa kurudi wataandikwa wapi, nikamwambia tuchore safu ya tano. Alichukua rula na kalamu nyekundu akaichora palepale kwenye ukurasa mpya, na jina la kwanza tuliloandika ni la shangazi.